Nusu Chupa ya Mafuta ya Freni

Mwaka ule wa tisini na mbili mji wa Likasi ulikosa kila kitu isipokuwa vumbi na wababe. Soko la Kikula, Jumamosi asubuhi, lilijaa watu waliokuja kuangalia zaidi ya kununua. Mathilde aliuza unga wa mahindi upande mmoja wa meza yake na vipuri vya magari upande wa pili, na mbele yake mikono miwili ilikuwa imeishika chupa moja.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa kijana aliyevaa koti jeupe, suruali iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, na viatu vilivyong'aa bila aibu katika mji usio na rangi ya viatu. Wa pili ulikuwa wa msichana mwenye liputa ya njano kiunoni na kitambaa cha njano kichwani, mrembo wa kugeuza shingo, lakini kucha zake zilikuwa na grisi.

"Achia, mama kiloko, mama murembo," kijana alisema. "Ile chupa ni yangu."

"Yako? Iko na jina?"

"Weye mwanamuke utafanya nini na mafuta ya freni? Utapikia sombe?"

"Na weye, na bile viatu, utafanya nini nayo? Utajipakaa?"

Wachuuzi wa jirani walipasuka kwa kicheko. Mathilde akainua mikono. "Musinipasulie! Hii chupa njo ya mwisho mu Likasi muzima. Mwanangu Mwadi, unisamehe. Jeancy aliniomba tangu jana, na minye nilisema ndiyo."

Msichana aliachia chupa taratibu. "Ah, njo weye Jeancy wa Garage Lufira. Basi, bakia nayo. Kesho utaonja motoka ya Papa Léon, utanijua."

"Njo weye Mwadi?" Jeancy alisema, lakini alikuwa anasema na mgongo wa njano. Alisimama pale kama aliyesahau njia ya kwao.

Tusimlaumu. Kwa miaka miwili Jeancy alikuwa ameshinda mashindano ya barabara ya Koni kwa Datsun nyekundu ya Garage Lufira, na alikuwa amezoea kuachwa nyuma na watu wachache sana. Habari za binti wa Léon alikuwa amezisikia tu. Léon alikuwa fundi kutoka familia ya jimbo la mbali la Kasai, iliyoletwa zamani na kazi ya migodi. Macho yake yalipoanza kufifia, alimkabidhi binti yake volani, usukani wa Corolla nyeupe. Mwadi alizaliwa Likasi, akabatizwa Likasi, akajifunza kubadili gia Likasi. Kasai alikuwa hajakanyaga.

Sasa niwaambie desturi ya klabu ya madereva, maana bila hiyo hadithi hii haiendi. Zamani kila aliyeshindwa alisema ameshindwa na gari, si na dereva. Wakachoka. Wakaamua kwamba Jumapili moja kabla ya mashindano, watu wakitoka kanisani, kila dereva ataendesha gari la mpinzani wake, mwenye gari akiwa amekaa kando. Waliita kuonja. Na kama kuna gari halijaonjwa, bendera ya kuanzisha mbio haishuki.

Kesho yake Jeancy akaingia kwenye Corolla, Mwadi akakaa kando yake.

"Mota inaimba muzuri," Jeancy alisema. "Nani anaitengenezaka?"

"Minye."

"Na sauti ya kuimba, ni yako pia?"

"Angalia njia, beau wa viatu."

Walipofika kwenye mteremko wa Koni, Jeancy alikanyaga freni. Pedali ilizama mpaka chini. Akakanyaga tena, ikazama tena. Alishusha gia ya tatu, ya pili, ya kwanza, mota ikapiga kelele, na gari likasimama kando kabisa ya bonde. Vumbi liliwapita, likatangulia chini.

"Uliweka nini mu freni?" aliuliza polepole.

Mwadi alitazama mikono yake. "Maji ya sabuni. Mafuta ulibeba weye jana, unakumbuka? Sabuni inashikaka kama iko baridi. Kama inapata moto, inachemuka." Akainua kidevu. "Kimbia, uende uambie comité ya klabu. Batafuta jina ya motoka yetu leoleo."

Jeancy aliligeuza gari, akalirudisha polepole kwa gia. Mwenyekiti wa klabu alikuwa Stanislas, na huyo Stanislas ndiye mwenye Garage Lufira, kwa hiyo ndiye bosi wake. Alipouliza gari liko vipi, Jeancy alipiga vumbi koti lake akasema, "Iko bien. Nitapata kazi ya kuishinda."

Kisha Stanislas akatangaza kwamba Datsun ina homa, Mwadi ataionja siku nyingine. Ukweli ni kwamba hakutaka mwanamke wa Kasai akae kwenye kiti cha gari lake. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema.

Jumatatu saa kumi jioni, simu ya farmasi ya Mama Henriette, jirani yao Mwadi, ililia, Mwadi akaitwa. Simu ile ilikuwa bado inafanya kazi kwa ajabu ya Mungu.

"Allô, Mwadi?"

"Uko nani?"

"Muntu wa sabuni."

Mwadi alicheka mpaka akageukia ukutani. "Juu ya nini ulinyamaza jana?"

"Juu nataka nikushinde na volani, hapana na makaratasi. Na juu ingine..."

"Ingine gani?"

"Ukicheka, minye nasahau nilikuwa nasema nini."

"Basi nitanuna, usipoteze kazi. Pigia kesho, saa hiihii."

Jumanne simu ililia. Jumatano ililia. Mama Henriette akamwambia, "Mutoto wangu, kichwa kinakuumaka kila siku saa kumi kamili? Ile hapana malaria." Mwadi alinunua kwake aspirini moja kumnyamazisha. Alikuwa anapenda, na alijua anapenda, na mji wenyewe ulikuwa unaanza kuwaka.

Maana Alhamisi lilipita gari lenye vipaza sauti, likisema watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Familia kadhaa za mtaani zilikuwa tayari zimelala stesheni na magodoro yao, zikisubiri treni isiyojulikana siku yake. Papa Léon alitoa sanduku la chuma, akalijaza, akalifunga kufuli, akaliweka mlangoni. Na jioni hiyo, kwenye ubao wa klabu, Stanislas alilifuta jina la Mwadi kwa kitambaa chake cha jasho.

Ijumaa alfajiri Mwadi alitoka kuteka maji, akaona miguu miwili chini ya Corolla. Aliijua ile suruali. Akaivuta. Jeancy akatokea, uso mweusi kwa grisi, na kando yake sufuria imejaa maji ya sabuni. Freni zilikuwa tupu. Mkononi alikuwa na chupa ya Mathilde, na chupa ilikuwa imefunguliwa.

"Mwadi, sikia..."

"Nisikie nini? Jana bananifuta, leo uko chini ya motoka yangu!"

"Ni mafuta ya freni. Nilitaka niweke wakati papa yako bado haiyaamuka, juu angekataa. Kiisha ningekuita..."

"Chupa imefunguliwa! Uliitia nini? Tone moya ya mafuta ya mota inatosha, kaucho, ile mipira ya ndani, zinavimba, freni zinakufa mu njia. Stanislas alikufundisha muzuri."

Enyi wasomaji, msimcheke. Fundi yeyote wa Likasi angewaza hivyohivyo, maana hila ile ilikuwa imeshavunja magari mawili. Mwadi alirusha spana, ufunguo wa namba kumi na saba, ukampita Jeancy sikioni. Papa Léon akatokea na fimbo. Jeancy akaondoka na chupa yake, koti jeupe limeharibika kabisa.

Saa kumi simu ya farmasi ililia mpaka ikachoka. Mwadi alikuwa amekaa uani anakoroga sabuni mpya, machozi yakidondokea humohumo.

"Baba," alisema, "Jumapili nitaenda."

"Jina halimo."

"Jina langu ulinipa weye. Hapana ubao."

Jumapili watu walijaa kwenye mzunguko wa mtaa wa Panda, mahali pa kuanzia, hadi juu ya kuta. Mwadi alifika kwa gia ya kwanza, amevaa kombinezo ya bluu ya kazi ya baba yake, mikono imekunjwa, na kitambaa kilekile cha njano. Baadhi walizomea. Wengine walitazama viatu vyao.

Stanislas alisimama mbele ya gari. "Bantu ya Kasai, njia yenu ni ile ya gare, ku treni."

"Ile ya Koni njo ninaijua," Mwadi alijibu, na hakuzima mota.

Hapo ndipo Datsun nyekundu ilizimwa. Jeancy alishuka, akapita mbele ya bosi wake, akanyoosha mkono wenye ufunguo wa gari kwenye dirisha la Corolla. Hakuwa amevaa koti.

"Président," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kuta, "motoka yangu bado haiyaonjwa. Huyu dada haiyaikalia."

"Jeancy, panda mu motoka."

"Minye niliikuta ile desturi, na weye uliikuta. Kuonja kwanza."

Zéphirin, mshika bendera, aliikunja bendera yake, akaitia kwapani. "Ni kweli," alisema. "Leo haishuki." Watu wa ukutani wakaanza kupiga makofi ya mpigo mmoja: kuonja, kuonja, kuonja. Hata waliozomea walipiga, maana Likasi hupenda haki ikiwa na kelele.

Mwadi aliuchukua ufunguo bila kumtazama usoni. Akaendesha Datsun mpaka kwenye mteremko, Jeancy kando yake. Akakanyaga freni. Pedali ilisimama imara na gari likakaa. Akaachia, likashuka, akakanyaga tena kwa hasira. Likakaa. Mara ya tatu aliacha mguu palepale, akainamia volani.

"Tangu lini iko na freni hivi?"

"Tangu usiku wa kuamukia Ijumaa. Ni chupa ile ile moya. Nilimwaga nusu humu na fundi mwenzangu, nusu nikakuletea. Njo maana ilifunguliwa."

"Ulipanda juu ya mafuta yaleyale uliniletea?"

"Kama ni sumu, tutakufa babili."

Mwadi alilia waziwazi, bila kujificha. "Kwa nini haukusema?"

"Na ufunguo ya kumi na saba mu sikio? Tena, Mwadi, weye ni fundi. Kutoa hewa mu freni kunatakaka bantu babili. Peke yangu ningemaliza namna gani? Nilikuwa nataka kukuita."

Mwadi alikuwa ameisahau hata hiyo kazi anayoifanya kila wiki na baba yake. Aliona haya, akampiga Jeancy begani, kisha akauacha mkono wake palepale begani.

"Nisamehe."

"Nilishasamehe. Lakini koti utafua."

Nusu chupa ilikuwa chini ya kiti. Walirudi Panda, na mbele ya umati mzima, mbele ya Stanislas aliyekuwa anavimba kama chura, Mwadi akaingia chini ya Corolla na Jeancy akakaa kwenye pedali.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia... Achia!"

Mara kumi na mbili, gurudumu baada ya gurudumu, mpaka povu la sabuni likaisha na mafuta safi yakatoka. Sijaona posa iliyotamkwa kwa sauti kubwa zaidi ya hiyo.

"Kama unaketi mu ile motoka," Stanislas alimwambia Jeancy, "kazi imekwisha."

"Imekwisha," Jeancy alikubali, akafunga mlango wa Corolla kwa ndani.

Evariste, dereva wa akiba, akapewa Datsun. Bendera ilishuka. Ubao haukuwa na jina la Mwadi lakini barabara ilikuwa na nafasi yake. Evariste alitangulia mpaka kwenye mteremko, na pale akashika freni mapema, kwa woga. Mwadi hakushika. Alingoja, akangoja, Jeancy akisema kwa sauti ndogo "bado, mupenzi, bado," kisha akakanyaga mara moja, Corolla ikajikunja kwenye kona na kumpita kwa ndani. Kuanzia hapo Evariste alikula vumbi kwenda na kurudi.

Stanislas alichukua chaki akaandika: wa kwanza, Evariste. Mwadi alishuka, akaomba chaki, akaandika juu yake: MWADI. Stanislas akafuta kwa kitambaa. Akaandika tena. Akafuta tena. Ndipo Mathilde akajipenyeza kutoka kwenye umati, unga bado umo mikononi mwake, akaandika MWADI kwa kidole cheupe. Baada yake Mama Henriette. Baada yake Zéphirin. Stanislas alifuta mpaka kitambaa kikawa cheupe chote, halafu akakitia mfukoni, akaondoka.

Jioni Corolla ilisimama nyumbani kwa Papa Léon. Mzee alikuwa mlangoni. Matokeo alishayasikia kutoka kwenye kuta za jirani. Jeancy alisimama mbele yake, mchafu, bila koti, bila kazi.

"Papa, nilikuya kuomba mutoto yako."

"Unajua jirani banatuita nini? Unajua kesho banaweza kututupa mu treni?"

"Kama ni treni, tutapanda wote. Kama ni kubakia, tutabakia wote. Freni inatakaka bantu babili."

Mwadi alikohoa. "Minye hamuniulizi?"

"Mwadi wangu, unakubali?"

"Nilikubali tangu chupa. Ulikawia tu, beau."

Papa Léon aliwatazama kwa yale macho yake mabovu. Viti alikuwa ameshaviuza, vyote. Akapapasa mfukoni, akatoa ufunguo mdogo, akafungua kufuli la sanduku la chuma. Alitoa sahani, akatoa kitambaa cha meza cha marehemu mkewe, akazirudisha sufuria jikoni moja baada ya nyingine. Kisha akalifunga sanduku tupu, akalisukuma katikati ya nyumba, akalipangusa vumbi kwa mkono kama kiti cha mgeni.

"Mukwe," alisema, "ikala."