Sakafu Iliyopata Joto Bila Moto

Moto haujawashwa tangu jana asubuhi, lakini sakafu ina joto. Tena si karibu na jiko, ambapo hata mjinga angeelewa. Ni kule mwisho wa chumba, ambako sisi watu wa milima ya Kangwon, Korea, humlaza mgeni tusiyempenda. Jongrye alipapasa karatasi ya sakafu, kiganja kikaufuata ule ujoto: bega, mgongo, magoti yaliyokunjwa. Mtu mzima. Alipoinua mkono, ulinuka makaa ya mawe yaliyolowa.

Hakupiga kelele. Alimfunga mgongoni mwanawe Sunok, wa miezi saba, akatoka.

Nyumba ilikuwa ya kizamani: unawasha kuni jikoni, moto na moshi vinapita chini ya mawe ya sakafu, vinatokea dohani nyuma. Mawe yalikuwa yamepasuka. Moshi ulipenya, Sunok akakohoa mpaka midomo ikageuka bluu, na daktari alisema hatavuka majira mengine ya baridi humo. Mumewe, Mansu, mwanamume wa maneno marefu na mikono mifupi, alitaka, kama mkewe, mawe yang'olewe, yawekwe mabomba ya maji moto kabla ardhi haijaganda. Mama yake, Bi Bunnyo, alikataa. Sakafu yake isiguswe.

Kwa hiyo Mansu aliposikia habari ya joto alicheka, akamshuku mama: bibi anawasha kuni kwa siri ili mawe yaonekane bado mazima. Bibi naye akamshuku mkwe, kwamba anazua mashetani apate mabomba kama mabibi wa mjini. Jongrye akawashuku wote wawili. Akamwaga majivu mbele ya jiko. Asubuhi hata panya hakuwa amekanyaga, na sakafu ina joto.

Ndipo akaanza kulitazama bakuli. Kila jioni bibi aliweka wali uliofunikwa chini ya mfarishi, penye joto, kwa ajili ya Kilho, mwanawe mkubwa aliyekwenda kuchimba makaa miaka kumi na moja nyuma. Ndivyo kina mama wa kwetu humfanyia aliye safarini, asirudi akakuta chakula baridi. Asubuhi bakuli huwa tupu. Wote walijua bibi anakula mwenyewe, wakamstahi. Sasa Jongrye aliligeuza. Ukingoni palikuwa na alama ya midomo, nyeusi ti.

Akamwita mganga wa kike kutoka ng'ambo ya kilima, mchana kweupe. Yule mganga akalaza sikio sakafuni kitambo kirefu. Alipoinuka alinong'ona.

"Mama, huyu unayemwekea wali, yu hai?"

Bi Bunnyo aliinua sanduku la nguo. Akatoa barua iliyokuwa chini yake. Mgodi ulikuwa umeporomoka miaka sita nyuma, Kilho akiwa ndani.

"Aliye hai huwekewa bakuli penye joto," alisema mganga. "Aliyekufa huandaliwa meza siku yake, akala, akaenda. Wewe umemnyima meza, ukampa kitanda. Mtaje kwa jina lake, mwambie amekufa. Na msing'oe jiwe kabla hajatoka. Mawe yana kona moja ya joto, mabomba yanazunguka nyumba nzima, naye atazunguka nayo."

Meza ikaandaliwa. Bi Bunnyo akapiga magoti, akasema kwa sauti ya chini kwamba Kilho amekufa, na palepale chini ya mawe kitu kikaanza kukwaruza, polepole, kama sepetu inayokwangua mwamba, kikapita chini ya magoti ya mganga, kikapita chini ya meza mpaka vikombe vikagongana, kikajikokota kwenye vijia vya moshi kuelekea dohani, huku harufu ya makaa ikipanda mpaka Mansu, yule yule wa kucheka, akajibanza nyuma ya mkewe, kisha kukawa kimya, na sakafu ikawa baridi kama barafu.

Kesho yake mafundi wakaja. Walikuwa wamekwisha kung'oa mawe ya chumba cha bibi na kulaza mabomba, bibi alipomvuta mkwewe kando.

"Mama Sunok, yule hakuwa Kilho."

"Unasemaje, mama?"

"Kilho nimemzaa mimi, sauti yake naijua. Huyu alikuja mwaka ule wa barua. Alikuwa akiniita mama. Ungekuwa wewe, ungemfukuza?"

"Basi tumetaja jina lisilo lake. Jina lake nani?"

"Sikuwahi kumuuliza."

Ndani, fundi alikuwa anauliza bomba la kwenda chumba cha mtoto lipite wapi. Mansu akamwonyesha, chini ya kizingiti. Jongrye akasimama juu ya kizingiti hicho, mtoto mgongoni.

"Liishie hapo," alisema. "Chumba cha mama tu. Sisi tutaweka jiko la chuma."

Mansu alitaka kumtania, mwanamke aliyelilia mabomba mwezi mzima sasa anayakataa. Akauona uso wake, akayameza maneno.

Baridi ile Sunok hakukohoa hata mara moja. Majirani wakamsifu Jongrye, mkwe mwema, amejinyima sakafu ya moto ili ampe mama mkwe.  Lakini jioni Jongrye aliipita baraza ya bibi upesi, maana bibi, akishafunga mlango wake, husimulia habari za siku, hunyamaza kidogo, kisha hucheka kama mtu aliyejibiwa.

Kisha Sunok akajifunza kutambaa. Mchana mmoja, Jongrye akichota kimchi, kabichi ya kuchachushwa, mtungini uani, aligeuka akamwona mtoto amefika kwenye mlango wa bibi, anaupigapiga kwa kiganja. Bibi na Mansu walikuwa wameenda sokoni.

Mlango ukafunguliwa polepole, kutoka ndani.