Nyoka Aliyepanda Garimoshi

Msimu wa kahawa ulipofika, Firmino na mkewe Zulmira walishinda shambani. Firmino alikung'uta matawi, Zulmira alipepeta kwa chekecheo. Binti yao mdogo, Idalina, aliokota punje zilizojificha kwenye majani makavu. Aliokota kwa mikono, miguu peku, kama watoto wote wa pale.

Asubuhi moja alipiga kelele. "Mama! Kimeniuma!"

Zulmira alimwona nyoka akijivuta kuingia kwenye lundo la majani. Firmino alivua mkanda wake, akaubana mguu wa mtoto. Akatoa chupa ya pombe kali ya miwa.

"Kunywa, mwanangu. Marehemu baba alitibiwa hivi hivi."

"Ndiyo maana ni marehemu," alisema Zulmira. "Mbebe! Twende kwa Anselmo."

Anselmo alifanya kazi kwenye stesheni ya reli, karibu na shamba, na alitunza sanduku la dawa la stesheni. Ndiye aliyemsimamia Idalina ubatizo. Alipouona mguu, aliufungua mkanda papo hapo.

"Ndugu yangu, ukibana hivi nyama inaoza. Na pombe haiui sumu. Alale, asitembee. Haya, niambieni, ni nyoka gani?"

"Nyoka ni nyoka!" Firmino alifoka.

"Hapana. Kila nyoka na dawa yake. Ana njuga mkiani?"

"Hana," alijibu Zulmira. "Wa kahawia, ana mabaka meusi ubavuni."

"Basi ni jararaka." Anselmo alitoa kichupa na sindano. "Madaktari wa mjini São Paulo wanamkamua nyoka sumu. Wanamdunga farasi kidogo kidogo, mpaka mwili wake unaizoea. Dawa hii inatoka kwenye damu ya farasi huyo."

"Damu ya farasi! Kesho si ataanza kula nyasi?"

"Bora ale nyasi kuliko asile kabisa."

Firmino alimshika binti yake mkono sindano ilipoingia. Mtoto hakulia. Aliyelia ni baba.

Uvimbe ulipanda hadi gotini. Zulmira alikaa kando ya mwanawe, akimlowesha midomo kwa maji. Jioni uvimbe ukaacha kupanda. Kesho yake Idalina aliomba uji wa mahindi.

Hapo Firmino akashika jembe. "Sasa nakwenda kumponda huyo mshenzi!"

"Usimponde," alisema Anselmo. "Kile kichupa kilikuwa cha mwisho. Tukiwapelekea madaktari nyoka hai ndani ya sanduku, wao wanatuletea dawa. Ukimuua, kesho akiumwa mtoto wa jirani, nitamdunga nini?"

"Amemuuma mwanangu, halafu nimtengenezee sanduku?"

"Ndiyo. Tena zuri."

Firmino alimtazama Idalina anavyokunywa uji. Akaliweka jembe chini.

Anselmo alikuwa amefundishwa na madaktari hao kunasa nyoka kwa mti mrefu wenye kitanzi. Aliwaambia wote wakae mbali, asiyefundishwa asijaribu, kisha akamnasa nyoka kwenye lile lundo la majani. Firmino alipigilia mbao za sanduku. Idalina, amelala mlangoni, akauliza, "Baba, humo ndani atapumuaje?"

Firmino alichukua keekee, akatoboa matundu. Madogo, lakini mengi.

Garimoshi lilipofika, alimwita mpakia mizigo. "Bwana, mweke kivulini, asife njiani!"

"Kwani ni ndugu yako?" yule akacheka.

"Ana dawa ya watoto wetu huyo."

Vichupa vipya vilifika kabla kahawa haijaisha. Idalina alikuwa amerudi shambani, sasa amevaa viatu. Baba yake alimtangulia, akivuta majani kwa reki, mti mmoja baada ya mwingine.