Mama Aliyeonja Kwanza

Kidudufizi kiliingia kinywani mwa mgonjwa bila hata kumtekenya. Kilikuwa kimashine kidogo kuliko punje ya ulezi. Kilipenya chini ya fizi, kikala vijidudu, kisha kikaikata, mwili mzima, ile jeni inayorithisha ugonjwa wa fizi kutoka mzazi hadi mtoto. Dakika saba, basi. Tangu Daktari Sekela alipokibuni, miaka kumi na miwili iliyopita, hakuna mtu Tukuyu aliyeng'oka jino kwa fizi mbovu.

Mwanzoni watu walikikimbia. Nani akubali mdudu wa chuma mdomoni? Aliyewatoa hofu ni mama yake Sekela, Bi Tusajigwe. Alisimama mbele ya umati akasema, "Mwenyeji huonja kwanza, kutoa uchawi. Mwanangu, anza na mimi." Akapanua mdomo. Kesho yake foleni ilifika barabarani.

Sasa Bi Tusajigwe alikaa mezani, meno yake yote thelathini na mawili yaking'aa, na kijiko kikimcheza mkononi hadi uji ukamwagikia mapajani.

Sekela alikuwa ameshasoma majibu ya vipimo vya mama yake kutoka maabara. Jeni aliyoikata ilikuwa na kazi mbili. Iliwafungulia vijidudu mlango wa fizi, ni kweli, lakini pia ilizilinda chembe za ubongo zinazoongoza mikono na miguu. Ikiondolewa, chembe hizo hufa mojamoja, na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, huingia. Kuirudisha hakuwezekani, kidudufizi kilijua kukata, hakikujua kuunga. Sekela alijichukia.

"Uzee tu huu," mama alisema, akijifuta uji.

"Si uzee, mama. Ni mimi." Akamweleza yote.

Bi Tusajigwe alikiweka kijiko mezani. Hakulia, wala hakumlaumu.

"Na wale niliowaita mimi, je?"

 Sekela alichukua kijiko, akamlisha mama yake uji uliobaki, kisha akamshika mkono wakatoka kibarazani kuota jua.

Ng'ambo ya barabara majirani walikuwa wakirudi kutoka ibadani. Walipomwona daktari wao walicheka kwa meno meupe, wakampungia mikono. Naye akawapungia. Salamu zilipokwisha, waliishusha mikono yao. Mingine iliendelea kutikisika.