Ikirudi, Iswage

Mimi naitwa Loisi. Naishi Nzuguni, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Nalima mtama na karanga. Mume wangu ni Gideoni, lakini mimi namwita Baba Anyesi, kwa jina la binti yetu. Habari hii ni ya mume wangu na ndege. Ukitaka kucheka, cheka tu. Hata mimi nilianza kwa kucheka.

Ilikuwa miaka ile ya watu kupunguzwa kazini. Baba Anyesi alikuwa dereva wa greda. Shirika lao likafungwa, naye akarudi nyumbani. Kutwa alikaa kwenye kigoda, anatazama barabara. Ukimuuliza, "Nilete chai?" anajibu, "Haya." Ukimuuliza, "Nipike mlenda?" anajibu, "Haya." Na huyu ni mtu aliyekuwa anapiga hadithi mpaka usingizi unakuchukua! Niliumia sana.

Kitu kimoja tu kilimwamsha. Injinia mmoja mgeni, alipokuwa anaondoka nchini, alimwachia ndege ndogo ya kurusha. Si ya watoto hiyo, jamani. Mabawa yake ni marefu kama mikono ya mtu aliyeinyoosha. Ina injini ndogo ya mafuta. Tena ina redio yake, lakini si ya kusikiliza taarifa ya habari. Ni boksi lenye antena ndefu na vijiti viwili. Ukisukuma kijiti hapa chini, ndege inageuka kule juu.

Inageuka ikitaka! Mara ya kwanza ilianguka kwenye miiba. Mara ya pili ikaanguka uani kwa Dorkasi, juu ya mtama alioanika. Dorkasi ni jirani yetu, na mdomo anao. Alipiga kelele mpaka mwenyekiti wa mtaa, mzee Matonya, akaja mwenyewe.

"Gideoni," mzee akasema, "leo ni mtama. Kesho itakuwa kichwa cha mtoto. Ikianguka tena kwa watu, naichukua. Na huioni tena."

"Sawa, mzee," akajibu mume wangu. Akaokota ndege yake, akarudi kwenye kigoda.

Nilishikwa na hofu. Wakati anaitengeneza ile ndege, alikuwa anapiga mluzi. Alikuwa ananiita nishike gundi. Sasa nikawaza, ikichukuliwa hii ndege, mume wangu nitampata wapi tena?

Siku ile ile tukasikia hodi. Alikuwa Octavian, jirani yetu mpya, mtu wa Bukoba. Anafanya kazi bungeni, kwenye mitambo ya vipaza sauti. Zamani alisoma Urusi, na huko wanafunzi walikuwa na kikundi cha kurusha ndege kama hii.

"Shemeji, habari za hapa?" akaniambia. "Nimesikia humu ndani kuna rubani."

"Rubani gani? Mwangushaji," nikasema.

Octavian akacheka. Akaishika ndege, akaikagua huku na huku. "Mbona nzima hii! Bawa limeungwa vizuri kabisa. Hebu nieleze, kaka, huwa inaangukaje?"

Baba Anyesi akainua kichwa. "Kwenda inakwenda vizuri. Ikigeuka kurudi kwangu, inapata kichaa. Nikiipeleka kulia, inakwenda kushoto."

"Hiyo inawapata wote wanaojifunza. Ikija kwako, mmetazamana. Kulia kwake ni kushoto kwako."

"Najua. Kichwa kinajua. Mkono ndio unakataa. Mimi ni dereva, bwana. Gari likienda kushoto, nakata kulia."

"Basi usifikirie kulia wala kushoto," akasema Octavian. "Ikirudi, tazama bawa lililoinama. Sukuma kijiti upande huo huo unaouona umeinama. Bawa litainuka."

"Upande huo huo?"

"Huo huo."

"Haiingii akilini," akasema Baba Anyesi.

"Basi tuingize kwa miguu. Shemeji, simama pale mwisho wa uwanja. Leo wewe ni ndege."

Ati mimi ni ndege! Lakini nilikuwa tayari kuwa hata tembo, ili mradi mume wangu asirudi kwenye kigoda. Nikajifunga kanga vizuri. Nikanyoosha mikono, nikaanza kumjia Baba Anyesi huku nanguruma, vuuuu. Octavian akasema, "Inama upande mmoja." Nikainama. Baba Anyesi, redio mkononi, akasukuma kijiti upande usio wake.

"Umeniangusha," nikamwambia.

Tukarudia. Akaniangusha tena. Tukarudia. Dorkasi alikuwa ameshafika kwenye uzio, anajipigapiga mapaja kwa kicheko. "Mama Anyesi, umefikia huko?"

Mara nyingine nilipoinama, nikapitiliza. Nikaenda pembeni, pale nilipoanika karanga zangu. Baba Anyesi akaruka, akanyoosha mkono mbele yangu, akapaza sauti: "Hee! Hee! Rudi!"

Octavian akapiga makofi. "Hapo hapo! Umefanya nini?"

"Nimemzuia asikanyage karanga."

"Umeweka mkono upande gani?"

"Upande anaokwenda. Ng'ombe akija mbele yako na anataka kuchepuka aingie shambani, unamwekea fimbo upande ule ule anaokwenda. Ndiyo kuswaga. Mtoto mdogo anajua." Kisha akakitazama kijiti cha redio. "Loo! Bawa likiinama, naliwekea fimbo upande huo huo?"

"Ndivyo hivyo! Ndege ikienda mbali, iendeshe kama greda. Ikirudi kwako, iswage."

"Kwa hiyo mimi ni ng'ombe?" nikauliza.

"Kidogo tu, shemeji," akasema Octavian. "Ni kwa ajili ya elimu."

Baba Anyesi akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu shirika lifungwe, na moyo wangu ukatulia kidogo.

Kuanzia hapo tulifanya mazoezi kila jioni. Mimi ndege, yeye rubani. Octavian naye akawa anatufundisha mambo mengine. "Msirushe tena mtaani," akasema. "Hata rubani hodari injini inaweza kumzimikia. Tafuteni mahali pa wazi, pasipo na nyumba, barabara wala nyaya za umeme. Tena mbali na uwanja wa ndege kubwa." Yeye na Baba Anyesi wakaenda uwanja wa ndege kuuliza, wakaelezwa upande unaofaa. Wakaenda na kwa mzee Matonya. Mzee akasema atakuja kuona kwa macho yake.

Siku ya Jumamosi asubuhi tukaenda kwenye mbuga iliyo nyuma ya mashamba. Tuliwahi, kwa sababu huku kwetu upepo unakuwa mkali jua likipanda. Mzee Matonya alikuwepo, na fimbo yake. Dorkasi naye hakukosa.

"Mbukwenyi!" mzee akatusalimu kwa Kigogo. Tukamwitikia.

Octavian akawataka wote wasimame nyuma ya rubani. "Asiende mtu mbele," akasema. Kisha akamuuliza mume wangu, "Tunarusha kuelekea wapi?"

"Zamani nilikuwa naupa upepo mgongo," akasema Baba Anyesi, "kama ninavyopenda kwenye baiskeli."

"Ndege si baiskeli. Inataka upepo usoni. Huo ndio unaoinua mabawa."

Nikachota vumbi, nikaliachia taratibu, kama tunavyopepeta mtama. Likaelekea kwetu. Basi ndege ikawekwa kuutazama upepo.

Injini ikalia. Ndege ikakimbia, ikaruka. Ikapanda, ikapanda. "Ipeleke juu zaidi," akasema Octavian. "Ukikosea ukiwa juu, unapata nafasi ya kurekebisha." Kwenda mbali ilikwenda vizuri kama siku zote. Kisha ikageuka kurudi kwetu.

Upepo ukaipiga. Bawa moja likainama, ndege ikaanza kuchepuka na kushuka. "Jamani!" Dorkasi akasema. Nikamwona Baba Anyesi amekazana, kidole gumba kimeganda kwenye kijiti. Octavian akanyoosha mkono achukue redio. Mimi nikapiga kelele:

"Baba Anyesi, inaingia shambani! Iswage!"

Kidole kikaenda. Upande ule ule. Bawa likainuka polepole, ndege ikanyooka, ikapita juu yetu ikinguruma. Baba Anyesi akaizungusha tena na tena. Mwishowe akapunguza moto, akaishusha ikiutazama upepo. Ikarukaruka kidogo kwenye majani makavu, ikasimama. Haikuvunjika popote.

Tulimtazama mzee Matonya. Mzee alikuwa amevua kofia.

"Gideoni," akasema, "pale mtaani ningeichukua. Huku mbugani, rusha. Lakini uniambie siku, nije."

"Na mimi," akasema Dorkasi. "Lakini siwi ndege, mnisamehe."

Baba Anyesi akanitazama, akanipa redio. "Mafuta bado yapo. Zamu yako."

"Zamu yangu mimi?"

"Yako. Octavian atasimama hapa na mimi nitasimama hapa. Ukishikwa na woga, tupe sisi."

Wakairusha wao kwanza. Ilipofika juu, wakaniachia vijiti. Baba Anyesi alisimama begani kwangu, akawa anaongea bila kupumzika. Ongeza kidogo. Usiogope. Tazama bawa. Unajua, siku moja nikiwa na greda kule Kibaigwa, likanitokea jambo kama hili. Akaanza hadithi, tena ndefu.

"Baba Anyesi," nikamwambia, "hebu nyamaza kidogo nirushe."

Nilisema hivyo huku machozi ya furaha yananitoka. Hakunyamaza, wala sikumwambia tena.