Mwenyekiti Aliyeficha Homa

Kila asubuhi, kabla jua halijagusa mlima wa Menengai, Nabalayo alikuwa ameshawasha jiko na kuchemsha maji. Mama yake, Nanyama, alinawa, akavaa aproni nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, kisha akavuka ua kwenda kwa memsabu, bibi Mzungu mwenye nyumba. Yeye ndiye aliyekuwa yaya wa Pita, mtoto wa nyumba ile. Mama na binti waliishi katika chumba kimoja cha watumishi nyuma ya nyumba hiyo, sehemu ya juu ya mji wa Nakuru walikokaa Wazungu. Chumba kilikwenda na kazi. Kazi ikiisha, walitakiwa kufunga mizigo siku hiyo hiyo.

Lakini Nanyama hakuwa yaya tu. Alikuwa mwenyekiti wa Chama cha Yaya, kilichokutana Jumapili alasiri katika ukumbi wa kanisa kule Bondeni. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiogopa kila mkutano, na hata wanawake wachache wakitaka kukaa pamoja ilikuwa lazima waombe ruhusa. Nanyama aliifuata ruhusa hiyo ofisini mpaka karani akachoka kumwona, akampa ili apumue.

Chama hakikutafuta faida. Kiliwafunza wageni wa kazi kuogesha watoto wachanga, na zaidi ya yote kilishika zamu. Yaya akiugua, mwenzake asiye na kazi alimshikia nafasi mpaka apone. Kulikuwa na desturi yake. Mgonjwa alisimama mbali kidogo, akaimba wimbo aliozoea kumwimbia mtoto, huku mwenzake akimfunga mtoto mgongoni na kuupokea wimbo ule taratibu. Mtoto alisikia wimbo wake, akatulia, asijali sana mgongo ni wa nani.

Nanyama alikuwa mkali juu ya jambo moja: yaya mgonjwa asibebe mtoto, na asifiche. Chepkemoi, msichana aliyetoka Rongai, aliwahi kuficha homa. Mwajiri wake alipogundua, alimfukuza. Badala ya kumpa pole, Nanyama alimsema mbele ya chama chote mpaka msichana wa watu akainama akilia. Nabalayo alikuwepo siku hiyo, na alimwonea fahari mama yake.

Kisha kikohozi kikamwingia Nanyama mwenyewe. Kilianza kidogo kidogo, kikashuka kifuani. Nabalayo alipomgusa mkono, ulikuwa wa moto.

"Mama, tumwambie Bi. Akoth alete mtu wa zamu," alisema. Akoth alikuwa naibu wa mwenyekiti, na alifanya kazi nyumba ya jirani.

"Mimi niliyemsema Chepkemoi mbele ya watu, leo niseme nini?" Nanyama alijibu. "Na memsabu akisikia nakohoa, tutalala wapi? Utambeba Pita huku nyuma, mimi nitakaa kando. Neno hili lisitoke nje ya mlango huu."

Basi Nabalayo akaacha kwenda shule. Alimbeba Pita kutwa nzima nyuma ya kamba za nguo, mtoto mnene aliyekataa kabisa kuwekwa chini. Memsabu alipoita, Nanyama alijikaza, akameza kikohozi, akamchukua mtoto na kuingia naye ndani. Wenzake Nabalayo walipotoka shuleni aliwasikia wakicheka upande wa pili wa ua wa miiba, naye hakuthubutu hata kuwaita. Akinyamaza, mama anazidi kuugua. Akisema, mama anafukuzwa. Aliona kama amefungiwa ndani ya sanduku, na aliyeketi juu ya kifuniko ni mama yake.

Jumapili ilipofika, Nanyama alimtuma Bondeni aseme kwamba memsabu ana wageni. Nabalayo alisimama mbele ya wanawake wale, akasema uongo ule bila kukosea neno. Walimsifu kwa adabu yake na kumpa salamu ampelekee mwenyekiti. Chepkemoi, ambaye bado hakuwa na kazi, alimpa ndizi ale njiani. Nabalayo alifika nayo nyumbani bila kuimenya.

Siku iliyofuata Pita aliamka akipiga chafya, paji la uso limepata joto. Sasa si mama peke yake. Alimtazama mama yake aliyejiegemeza ukutani, akihema kwa shida, amefumba macho. Hakuomba ruhusa. Alimlaza Pita kwenye mkeka, akapenya kwenye tundu la ua, miiba ikamchana mkono, akakimbia mpaka jikoni alikofanya kazi Akoth.

"Nilidanganya jana," alisema. "Mama ni mgonjwa sana, na mtoto pia ameanza."

Akoth hakumgombeza. Aliomba ruhusa kwa memsabu wake, akatuma mtu amwite Chepkemoi, na Chepkemoi alipofika wakaenda wote kwa Nanyama.

"Umeniuza, mwanangu," Nanyama alinong'ona alipowaona mlangoni.

"Amekuokoa," Akoth alimjibu. "Hebu mkabidhi Chepkemoi mtoto."

Nanyama alijaribu kuimba, sauti ikakatika kwa kikohozi. Nabalayo akauchukua wimbo, machozi yakimtiririka, na Chepkemoi akamfunga Pita mgongoni na kuupokea. Mtoto akanyamaza. Chepkemoi hakusema neno la kumcheka mwenyekiti wake, ingawa nafasi aliipata.

Akoth alikwenda kumweleza memsabu. Bibi yule alikasirika, akafoka, akamwita daktari. Pita alikuwa na mafua tu. Nanyama alikuwa na nimonia, akapelekwa hospitali, na daktari alisema angechelewa kidogo zaidi asingefika huko akiwa hai. Chumba hakikuchukuliwa, kwa kuwa Chepkemoi alikuwa kazini na mtoto alimkubali. Nabalayo akarudi shuleni.

Nanyama alipopona, alikwenda Bondeni na binti yake. Alimwomba Chepkemoi msamaha mbele ya wote, akasema yuko tayari kuacha uenyekiti. Wanawake walikataa. Ndipo akamvuta Nabalayo karibu naye.

"Nilifikiri kiongozi ni yule asiyeugua," alisema. "Kumbe nilipoficha homa yangu, niliwafundisha wote kuficha yao. Na mtoto wangu nilimfundisha uongo. Nabalayo, siku nyingine nikikuamuru unyamaze juu ya jambo linaloweza kuua mtu, usinitii."

Akoth akasimama. Alisema kuanzia siku hiyo mkutano ungefunguliwa kwa mwenyekiti kuulizwa hali yake kwanza, tena aseme kweli.

"Basi, Mama Nabalayo," akauliza, "u mzima?"

Nanyama alifungua kinywa kusema ndiyo, kama alivyozoea miaka yote. Akamtazama binti yake.

"Hapana," alisema. "Bado nimechoka."

Chepkemoi akainuka, akamletea kiti.