Mkono wa Nzomo na Breki ya Mbele

Nzomo ni mwendesha bodaboda wa mji wa Kabati, na kwa kubishana hana mpinzani. Breki ya mbele ya pikipiki yake alikuwa ameilegeza kabisa. "Hiyo hupindua watu," alisema. "Mimi hukanyaga ya nyuma tu."

Jumatatu alimpeleka mkewe, Nzisa, kliniki. Nzisa alikuwa na mimba ya miezi saba, mtoto wa pili baada ya binti yao Mumbua. Kwenye mteremko, punda waliobeba mitungi ya maji waliingia barabarani. Nzomo akakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zote. Tairi likateleza, pikipiki ikaingia kichakani. Hawakuumia, lakini Nzisa alijipangusa majani, akageukia njia ya nyumbani.

"Mimi sipandi tena," alisema. "Nitatembea."

Kliniki iko kilomita tisa. Nzomo aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa. Kesho yake alienda kwa Deeq, fundi wa pikipiki. Nzisa akamfuata, ajionee mwenyewe.

Deeq alikaza waya wa breki. "Ukifunga breki, uzito unakuja mbele," alieleza. "Kwa hivyo gurudumu la mbele ndilo linasimamisha zaidi. Twende uwanja wa mbuzi. Leo si siku ya soko."

Uwanjani Nzomo aliendesha polepole, akaikamata breki ya mbele ghafla. Gurudumu likakwama. Akaanguka vumbini, puu!

"Mnaona? Si nilisema!" alifoka.

Nzisa alicheka mpaka akashika tumbo. "Baba Mumbua, wewe umewahi kukamua mbuzi? Ukimvuta kwa nguvu anakupiga teke. Unabana taratibu, halafu unaongeza."

"Mama amenipunguzia kazi," Deeq alisema. "Tumia vidole viwili. Bana kidogo, uzito uje mbele, kisha kaza zaidi. Ya nyuma kanyaga pamoja nayo. Gurudumu la mbele likikwama, legeza mara moja. Kwenye kona, punguza mwendo kabla ya kukata. Kwenye mchanga, gusa kidogo tu."

Nzomo alirudia mpaka mkono ukazoea.

Alhamisi walivaa kofia zao ngumu, waende kliniki. Nzisa alipanda, akashika shati la mumewe kwa mikono yote miwili. Kwenye mteremko ule ule, punda wale wale wakatokea. Vidole viwili vikabana, taratibu, kisha zaidi. Mguu ukakanyaga. Pikipiki ikasimama, imenyooka. Punda wakapita bila haraka yoyote.

Nzomo aligeuka, furaha imemjaa. Nzisa alikuwa ameshaachilia shati.

"Unaniangalia nini?" alisema. "Twende, daktari anangoja."