Tangazo Lililozikwa Chini ya Picha

Usigeuze uso, ni wewe ninayekusema. Ukurasa ukiwa mrefu unatazama picha mbili tatu, unafunga simu, kisha unaapa umesoma.

Chapuchapu naye alikuwa hivyo hivyo. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa darasa la sita kwa kuwa kila kitu alikifanya mbiombio. Kila asubuhi alijaza ndoo bombani, kisha alifungua simu ya mama yake kutazama ukurasa wa idara ya maji.

"Wanasemaje leo?" mama aliuliza huku akikanyaga cherehani.

Kidole gumba kikasukuma. Mkurugenzi wa idara akikata utepe. Mkurugenzi akipokea maua. Mkurugenzi akicheka. Akafunga.

"Hakuna kitu, mama."

"Umefika mwisho?"

"Nimefika."

Uongo! Chini ya picha ya tisa, kwa herufi ndogo kama chawa, paliandikwa: bomba kuu limepasuka, maji yamechafuka, chemsheni kabla ya kunywa.

Kesho yake mdogo wake wa miaka mitatu aliharisha hadi macho yakazama. Zahanati ilijaa, watoto wawili wawili kitandani. Muuguzi alipotaja lile tangazo, Chapuchapu aliangua kilio.

"Sikufika mwisho, mama. Nilikudanganya."

Mama alimtazama tu. Afadhali angemchapa.

Mtengeneza ukurasa wa idara alikuwa papo hapo, amempakata mwanawe mgonjwa. "Lakini tangazo niliweka!"

"Uliliweka wapi, baba?" muuguzi alifoka. Akawaomba wazazi kumi waliopanga foleni wafungue ukurasa. Vidole vikasukuma. Vyote vikagota kwenye maua.

"Mkurugenzi aliagiza sura yake ikae juu," yule baba alinong'ona.

"Basi sura hiyo imtundikie mwanao dripu!" mama mmoja akamrushia.

Yule baba alitoa simu yake, akashusha picha zote, akapandisha onyo juu kabisa kwa herufi nene.

Mtoto alipona siku ya nne. Muuguzi akamwambia Chapuchapu, "Binti yangu, usichokisoma usiseme umekisoma. Uvivu wako umemlaza mdogo wako. Ila aliyefukia onyo chini ya maua amelaza mtaa mzima."

Miaka imepita, nami jirani yao sijasahau: mkurugenzi yule hajaomba radhi mpaka leo.

Haya, shika simu ya nyumbani. Soma ukurasa wa maji yenu hadi mstari wa mwisho. Ukikuta onyo limefukiwa, waandikie walipandishe. Sasa hivi, kabla mtu hajachota kikombe kingine.